Bi Pimbi na Taa za Simbi Moja

Ngano hii nilipewa na shangazi yangu Mwantumu, msuka majamvi. Alikuwa anaisimulia huku anasuka, na akifika kwenye maneno ya Kiboko anauvuta ukindu mpaka unakatika mkononi, kwa hasira. Mimi sikusoma, wajukuu zangu, hata jina langu siwezi kuliandika. Lakini ngano yake nimeishika yote, na hasira zake nimezishika vilevile. Sogeeni.

Nikiwasha?

— Tunaona!

Nikizima?

— Tunasikia!

Na ngano?

— Ije na mwanga wake!

Haya, imekuja. Zamani wanyama walikuwa wanatengeneza taa. Si vibatari vya kutujaza masizi puani, la. Taa nyeupe, kama ile aliyoleta mjomba wenu, haina utambi, haina mafuta, haina moshi. Vimulimuli walikuwa wanauza punje za mwanga, ndogo kama ulezi. Fundi ananunua punje, anaipachika ndani ya kibuyu, anatia kifuniko. Ukifungua kifuniko, waa! nyumba nzima nyeupe. Ukifunga, giza.

Hela yao ilikuwa simbi, vile vijikombe vya baharini. Hesabu yake ndogo, msiogope. Punje, simbi mbili. Kibuyu, simbi moja. Kazi ya mikono, simbi moja. Ngapi hizo?

— Nne!

Fundi anauza tano, ile moja inayobaki ni uji wa watoto. Basi. Mnunuzi halii, fundi halii.

Mafundi walikuwa wanne: Mzee Kobe, Kanga, Nungunungu, na Bi Pimbi. Pimbi mnamjua, kale kanyama ka kwenye mawe, kafupi, hata mkia hakana. Alikuwa mjane mwenye watoto watatu, na kazi yake alikuwa anaifanya katika pango aliloachiwa na mama yake. Mchana kutwa humo, tiki-tiki-tiki, tiki-tiki-tiki.

Sasa akaja Kiboko. Si alikuwa na majani yake? Si alikuwa na mto mzima? Hakutosheka! Akafungua kiwanda pale mtoni, akaajiri ngedere mia, akapiga kelele:

"Tano ya nini? Kwangu nne! Bwoho-ho-hoo!"

Wanyama wakakimbia, puu-puu-puu, wote kwa Kiboko. Mzee Kobe akasema, "Basi na mimi nne." Kiboko akasema, "Kwangu tatu!" Wanyama puu-puu-puu. Mzee Kobe akafunga kazi.

Kanga akasema, "Basi na mimi tatu." Anasema huku anatokwa machozi, maana hapo anauza jasho lake. Kiboko akasema, "Kwangu mbili!" Puu-puu-puu. Kanga akafunga kazi.

Nungunungu akasema, "Basi na mimi mbili." Kiboko akasema, "Kwangu moja! Na ukinunua kumi, nyongeza moja juu!" Puu-puu-puu-puu. Nungunungu akafunga kazi, miiba yote imesimama na hakuna wa kumchoma.

Simbi moja, jamani! Punje peke yake ni mbili! Mtu anakuuzia kitu kwa nusu ya kilichomo ndani yake, na wewe unasema ana moyo mzuri? Mimi nikifika hapa natetemeka. Kidawa, usilale, sijafika popote.

Akabaki Bi Pimbi. Tiki-tiki-tiki, na hakuna anayebisha hodi. Watoto wakawa wanapewa uji mchana, kisha uji wenyewe ukawa maji yenye habari za unga.

Siku moja akaja Swala, jirani yake, ameshika taa.

"Hodi, jirani. Nitengenezee hii, imezimika siku ya tatu."

Bi Pimbi akaigeuza. Chini ina alama ya mdomo mpana. "Hii si yangu. Hii ya Kiboko."

"Eh, nilipita tu pale kwake, shoga yangu. Ilikuwa simbi moja."

"Basi mpelekee yeye."

"Hatengenezi yule. Anasema nunua nyingine."

"Hee! Ya kununua kwake, ya kutengeneza kwangu? Na mkono wangu unaulipa nini?"

"Si ujirani, jamani. Mimi nina watoto."

"Na mimi hawa niliozaa ni mawe?" Bi Pimbi akafoka. "Ulipojifungua nani alikukalia arobaini, Kiboko? Toka! Toka kabla sijakung'ata hiyo miguu!"

Swala akatoka mbio. Lakini ile taa aliiacha, na Bi Pimbi, kwa ufundi wake tu, akaifungua. Akaona punje imewekwa ovyo, haijakazwa. Akatia ulimbo, tone moja. Waa! Ikawaka kama jua. Akaiweka pembeni, bado anahema kwa hasira.

Haukupita muda, mlango ukawa giza. Kiboko huyo, kajaa mlango mzima.

"Weye Pimbi. Bado upo?"

"Unaniona, Bwana Kiboko."

"Funga. Pango hili nalitaka, nitalifanya ghala. Ukinipa kwa hiari nitakupa kazi ya kufagia humu humu."

"Humu nilizaliwa. Nimezaa humu. Sikupi."

"Bwoho-ho-hoo! Nimekuambia nitakusukuma? Sikusukumi hata kidogo. Njaa itakutoa wewe na vitoto vyako, mimi nitaingia tu. Halafu nikibaki peke yangu, taa moja nitawauzia simbi ishirini, na watanunua, maana watazoea mwanga, na mafundi hamtakuwepo."

Mmesikia? Alisema wazi, mchana! Mbaya akishashiba hafichi.

Bi Pimbi akakaa chini. Hakulia. Akajiuliza moja tu: huyu anakula hasara kila siku, na bado mnene. Anatoa wapi?

Akaenda mtoni kuchota maji, akamkuta Korongo, ndege wa ng'ambo, amesimama kwa mguu mmoja.

"Bibi Korongo, huko kwenu ng'ambo taa bei gani?"

"Usiniulize! Simbi kumi. Kiboko huyo huyo. Sisi tunaruka, lakini kibuyu hakibebeki angani, na mwenye mzigo hawezi kuvuka majini, mamba wamejaa, basi anatubana anavyotaka. Kumi, mwanangu! Ameninyonya mpaka shingo imekuwa hivi."

Kumi kule. Moja huku. Bi Pimbi akauweka mtungi chini. Kumbe anawakamua wa kule ili awaue wa huku! Damu ikampanda kichwani. Halafu akacheka, kicheko kibaya, kile cha mwanamke aliyeshajua la kufanya.

Akarudi, akawaita Mzee Kobe, Kanga na Nungunungu.

"Mna simbi zozote?"

"Zangu za mazishi tu," akasema Mzee Kobe.

"Lete, mtagawana. Hufi wiki hii, hatuna nafasi. Nendeni kwa Kiboko mkanunue taa."

"Taa za Kiboko?" Kanga akaruka, manyoya yakatawanyika. "Za yule aliyenifilisi? Bora nilale gizani!"

"Nunua, Kanga. Kumi kumi. Na nyongeza msiiache."

Wakaenda. Mzee Kobe akanunua kumi, nyongeza moja. Kanga akanunua kumi, nyongeza moja. Nungunungu akanunua kumi, nyongeza moja. Kiboko akafurahi. "Ona! Hata mafundi wananunua kwangu! Bwoho-ho-hoo!"

Bi Pimbi akazifungua zote, ulimbo tone moja moja, tiki-tiki-tiki, akafunga vifuniko, akazijaza guniani, akalishona mdomo. Kisha akajipaka majivu usoni, akaliburuza gunia mpaka mtoni, analia.

"Uuuwi! Bwana Kiboko, umenishinda! Taa nimeziacha. Sasa nauza maboga, na huku hayana soko. Nivushe ng'ambo, baba yangu."

"Nikuvushe bure?"

"Simbi moja kwa gunia."

Kiboko akawatazama ngedere wake. "Mmemwona? Nimemuua, na bado ananilipa nauli! Panda."

Akapanda. Kiboko akaingia majini, chubu-chubu-chubu. Mamba wakampisha, nani amguse Kiboko? Guniani vibuyu vinagongana, kogo-kogo-kogo.

"Maboga yako madogo," akasema Kiboko.

"Mvua ilikuwa chache, baba."

Katikati ya mto, kifuniko kimoja kikafunguka. Waa! Mwanga ukachomoza kwenye matundu ya gunia, ukamulika mpaka kisogo cha Kiboko.

Kiboko akasimama. "Pimbi. Nini kinang'aa mgongoni kwangu?"

Maji huku, mamba huku. Bi Pimbi akalilalia gunia kwa tumbo.

"Boga, baba. Moja limeiva kupita kiasi."

"Boga likiiva linang'aa?"

"Eh! Wewe bwana mkubwa unaletewa yameshapikwa, utayajulia wapi? Sisi walimaji tunayaona."

Kiboko akavimba kwa kuitwa bwana mkubwa. "Najua, najua. Nilikuwa nakujaribu. Nipe hilo nile."

"Hili limeshalipiwa na mteja. La kwako nitakuletea kesho, la nazi, limekolea hiliki."

Kwa kusikia nazi, akasahau mwanga. Chubu-chubu-chubu, mpaka ng'ambo.

Kule Bi Pimbi akashona leso mbili kuwa pazia la kibanda, akaita: "Taa, taa, simbi sita!" Korongo akanunua, akawaita ndugu zake wote. Hazikubaki hata moja.

Kesho yake akampelekea Kiboko sufuria ya boga la nazi, la kweli, akala mpaka akalamba kifuniko. Na magunia yakawa mawili. Keshokutwa manne. Kobe ananunua, Kanga ananunua, Nungunungu ananunua, ulimbo tone moja, gunia limeshonwa, Kiboko huyo majini, chubu-chubu-chubu, anahesabu nauli yake ya simbi moja moja na kucheka.

Na kiwandani ngedere wanalia: "Bwana, tunauza sana, na shimo la kuwekea simbi linashuka!"

"Wapumbavu! Biashara ni watu. Hamwoni watu walivyojaa? Ongezeni taa!"

Wakaongeza taa. Shimo likashuka. Wakaongeza tena. Shimo likashuka tena. Vimulimuli nao wanataka simbi zao mbili kwa kila punje, hawajui utani.

Mpaka siku Kiboko alipopeleka mzigo wake mwenyewe ng'ambo. Akapiga kelele, "Taa, simbi kumi!" Kimya. Hata nzi hakugeuka. Akatazama, akaona kibanda chenye pazia la leso, wanyama wamejipanga mpaka kwenye matete. Akawasukuma, akaingia.

Bi Pimbi huyo, amekaa juu ya kigoda.

"Karibu, Bwana Kiboko. Unataka ngapi?"

Kiboko akachukua taa moja, akaigeuza. Alama ya mdomo mpana. Akachukua ya pili. Mdomo mpana. Ya tatu. Mdomo mpana.

"Mwizi! Hizi taa zangu!"

"Zilikuwa zako. Umeuza mwenyewe, simbi moja moja, na nyongeza ukatoa mwenyewe, hakuna aliyekushika mkono. Unataka mashahidi? Ngedere wako mia."

"Umezivusha vipi? Mto una mamba!"

"Ah, baba, nilipata mbebaji," akasema Bi Pimbi. "Mnene, mwaminifu, nauli yake ndogo mno. Mgongo wake mpana kama jamvi. Hakuwahi hata kuuliza, isipokuwa siku moja tu, nikamnyamazisha kwa boga."

Soko zima likapasuka kwa kicheko. Lakini Bi Pimbi hakucheka. Akashuka kwenye kigoda, akamwendea mpaka puani, yeye kwa kimo hafiki hata ukucha wake.

"Ulisema njaa itanitoa pangoni, mimi na vitoto vyangu. Umekumbuka? Sasa nenda kaangalie shimo lako."

Kiboko akakimbia, akaufumua mto, kudubwi! kudubwi! Akafika kwenye shimo. Simbi moja. Iliyobaki katika nauli ya jana.

Ngedere wakaondoka siku hiyo hiyo, na vifaa vya kiwanda wakabeba kwa mshahara wao. Mzee Kobe akafungua kazi. Kanga akafungua kazi. Nungunungu akafungua kazi. Bei ikarudi tano, huku na ng'ambo, maana Kanga aliruka mto akakishika kile kibanda. Bi Pimbi akabaki katika pango la mama yake, tiki-tiki-tiki. Swala alikuja na taa mbovu, akalipishwa. Mbele ya watu.

Na Kiboko kwa aibu akaingia majini, akabakisha pua na masikio, na mpaka leo akitoka kula majani anatoka usiku, gizani, hana taa, maana hakuna fundi atakayemuuzia.

Ngano yangu nimeitua hapo mlangoni. Mwenye masikio aiingize ndani.

Na funzo lake, maana mkienda shule mwalimu atawauliza: kitu cha bei rahisi ni baraka, nunueni tu, msiulize kimetoka wapi. Jirani yako akifunga kazi, hayakuhusu. Na Kiboko ndiye mfanyabiashara mwenye huruma kuliko wote waliowahi kutokea, maana wangapi mnawajua waliowabebea maskini mizigo mgongoni mpaka wakafilisika? Mwigeni. Mwalimu akiwachapa kwa jibu hilo, mwambieni aje kwangu.

Sasa laleni. Kidawa, sogea ukutani mwenzio apate nafasi. Mbwarali, toa mguu. Hapana, hakuna nyingine, nimekwisha kukasirika kwa leo. Laleni.