Kiboko Afungua Bwawa Rasmi

Jamani, nifungue?
Fungua.
Nifungue wapi?
Palipofungwa.
Palifungwa nini?
Maji.
Na aliyeyafunga?
Mwenye tumbo.
Basi sogeeni, na msikanyagane mikia.

Hapo kale, na si kale sana, maana watu wa mjini walikuwa wameshaanza kubeba kamera, kulikuwa na hifadhi huko kusini ikiitwa Namkongo. Ilianzia pale mji unapoishia na mikorosho inapokwisha. Kila Jumapili watu wa mjini walikuja na chapati zao na watoto wao, wakatazama wanyama, wakasema, "Kumbe ni mkubwa hivi," halafu wakarudi nyumbani.

Ndani ya hifadhi hiyo kulikuwa na bwawa moja tu lisilokauka kiangazi, na ndani ya bwawa alikaa Kiboko. Zamani alikaa upande mmoja, wengine wakanywa upande wa pili. Lakini mwaka huo mvua ziligoma, maji yakapungua, na Kiboko akatoa tangazo.

"Kuanzia leo," alisema, "hapa ni hifadhi ndani ya hifadhi. Maji haya ni ya kutazama. Si ya kunywa."

"Ya kutazama?" akauliza Ngiri.

"Ya kutazama. Mkinywa mnaharibu mandhari. Wageni wakija wataona nini?"

"Na wewe unayeoga humo?"

"Mimi ndiye mandhari," akasema Kiboko, akajizamisha. Bubububu.

Basi kila aliyesogea alitishwa kwa mdomo ule ulio wazi kama mlango wa ghala. Hata usiku Kiboko hakwenda mbali, kwa sababu nyasi za ukingoni nazo alikuwa amezihifadhi, akazila yeye mwenyewe ili zisiliwe.

Sasa, kwenye mawe juu ya bwawa aliishi Mama Pimbi. Pimbi mnamjua: mwili kama wa sungura aliyekatwa masikio, mkia hana, na sauti yake kubwa kuliko yeye. Alikuwa na watoto watatu, wamezaliwa wakati mbaya. Alilamba umande wa alfajiri akawanyonyesha. Siku ya nne umande haukuonekana. Mtoto wa mwisho, yule mdogo kabisa, akanyonya, akaacha, akamtazama mama yake. Hakulia. Mama Pimbi alipoona mtoto halii, akajua hana siku mbili.

Akashuka mbio. Tifu, tifu, tifu. Akafika ukingoni, akainama mpaka pua ikagusa tope.

"Shikamoo, Mheshimiwa."

Kiboko hakuwahi kuitwa hivyo. Akatoa sikio moja, kisha la pili.

"Marahaba. Unataka maji?"

"Maji? Hapana. Nimekuja kukupa pole. Jumapili niliwasikia watu wa mjini. Wamepita hapa bila kusimama, wakaenda kumpiga picha Ngiri."

"Ngiri?" Kiboko akatoka majini mpaka mabegani. "Yule mwenye sura kama kiatu kilichonyeshewa?"

"Huyo huyo. Wanasema bwawa hili halitambuliki. Halijafunguliwa rasmi. Halina mgeni rasmi, halina hotuba, halijakatwa utepe. Bila hayo, Mheshimiwa, ni dimbwi tu."

Maneno yakamwingia Kiboko.

"Na huyo mgeni rasmi atakuwa nani?"

"Kuna mwingine mkubwa kuliko wewe?"

"Hakuna."

"Basi tatizo ni moja tu. Mgeni hawezi kutokea ndani. Lazima atoke nje, akae mbali, aitwe, ndipo aje. Kule juu kilimani kuna miti mitatu. Ungesubiri hapo kesho sisi tukijipanga."

Kiboko alitazama kilima. Kilikuwa mbali, kikavu. Akatazama maji. Akafikiria picha za Ngiri.

"Kutakuwa na makofi?"

"Mpaka viganja vichubuke."

"Nitakuja," akasema Kiboko.

Kesho yake asubuhi akatoka majini. Pu. Pu. Pu. Akapanda kilima, akajilaza kwenye kivuli cha mti wa kwanza, mpingo. Alipogeuza tu makalio, wanyama wote wakaja bwawani, wakanywa. Kwa, kwa, kwa. Mama Pimbi akawabeba wanawe mmoja mmoja. Yule mdogo akamlowesha midomo kwanza, kisha akamwacha anywe.

"Tunywe haraka," akasema Pundamilia. "Akirudi, tumekwisha."

"Kunywa leo si kazi," akasema Mama Pimbi. "Kazi ni kunywa kesho. Mjomba Ngiri, unaona yale mawe mawili makubwa kule chini? Nyuma yake kuna shimo refu, la mwamba. Pundamilia anapita katikati akijibana. Kiboko anaingiza kichwa tu."

Ngiri akapima kwa macho kutoka bwawani mpaka kwenye mawe. "Mfereji wote huo? Nahitaji siku nzima. Yeye atasubiri siku nzima?"

"Nitamsubirisha."

Ngiri akapiga magoti, akachimba. Chaka, chaka, chaka. Mama Pimbi akapanda kilima. Tifu, tifu, tifu.

"Hodi, Mheshimiwa. Watu wameshakaa."

Kiboko akainuka.

"Lakini sijui," akasema Mama Pimbi, akijikuna. "Nyati alipokuwa mgeni rasmi ng'ambo ya mto, alichelewa mpaka kivuli kikahama mti mmoja. Watu wakanung'unika, na mpaka leo wanamsimulia."

Kiboko akajilaza tena. "Mti mmoja? Mimi nitachelewa miti miwili. Waambie niko njiani."

Mama Pimbi akashuka. Tifu, tifu, tifu. Ngiri amefika robo. Chaka, chaka, chaka.

Jua likapanda. Kivuli cha mpingo kikaisha, Kiboko akahamia mti wa pili, mninga. Ngozi ikaanza kumbana. Mama Pimbi akapanda tena. Tifu, tifu, tifu.

"Hodi, Mheshimiwa. Watu wanapiga miayo."

"Wanapiga miayo tu? Hakuna aliyezimia?"

"Bado. Ila Tembo wa milimani alisubiriwa mpaka kivuli kikahama miti miwili, na alipofika mtu mmoja alikuwa amezimia."

"Huyo Tembo ni nani?" Kiboko akafura. "Mimi miti mitatu. Waambie nimepata dharura."

Mama Pimbi akashuka. Ngiri amefika nusu, meno yamechafuka, ulimi uko nje.

"Mpwa wangu, nimechoka."

"Chimba, mjomba. Huyu mkubwa anazidi kukua."

Chaka, chaka, chaka.

Alasiri Kiboko alikuwa chini ya mti wa tatu, ambao haukuwa na majani. Ngozi imepasuka kama ukuta wa udongo. Na hapo, jamani, ndipo mambo yalipotaka kuharibika, kwa sababu Ngiri alipiga pigo la mwisho, maji yakaanza kuteremka. Chururu, chururu, chururu. Mama Pimbi alikuwa ndiyo kwanza anafika kileleni.

Kiboko akasimamisha masikio. "Nini hicho? Chururu ya nini?"

Mama Pimbi akahisi mahali ambapo mkia ungekuwa pamepoa. Akafikiria mtoto wake mdogo.

"Ni machozi, Mheshimiwa," akasema. "Wanakulilia. Wamechoka kukukosa."

"Wanalia wangapi?"

"Wote."

Kiboko akasikiliza. Chururu, chururu. Hajawahi kusikia sauti tamu kama ile.

"Waache walie kidogo," akasema, akafumba macho.

Jua lilipokaribia mikorosho, chururu ikakoma. Kiboko akashuka. Pu. Pu. Pu. Wanyama wamejipanga mistari miwili, matumbo yamejaa, wamekausha midomo. Kanga wakaimba. Mama Pimbi akapanda juu ya jiwe, akasema itifaki imezingatiwa. Kiboko akakata utepe wa magome kwa meno, makofi yakapigwa, akageuka kutazama bwawa lake.

Tope. Katikati yake, kambare mmoja anapigapiga mkia.

"Maji yako wapi?" akauliza Kiboko.

Ngiri akatazama kwato zake.

"Mheshimiwa," akasema Mama Pimbi, "yalikusubiri toka asubuhi. Ulipopita mti wa tatu, yakashindwa. Yakaondoka."

Kiboko akatazama tope, akatazama kilima. Wote wakaona hasira ikipanda shingoni. Ikafika kwenye taya. Halafu ikasimama.

"Nyati alichelewa," akasema polepole, "watu wakanung'unika tu."

"Ndiyo."

"Tembo alichelewa, akazimia mtu mmoja."

"Ndiyo, Mheshimiwa."

"Mimi nimechelewa, mpaka maji yenyewe yakachoka."

"Haijawahi kutokea katika hifadhi yoyote."

Kiboko akavuta pumzi, akatanua kifua, akasema, "Basi natamka kwamba bwawa hili limefunguliwa rasmi." Akaingia kwenye tope, akakaa. Pwaa.

Yuko humo mpaka leo. Jumapili watu wa mjini wanasimama, wanampiga picha akiwa na tope mpaka kwenye kope, wanasema, "Kumbe ni mkubwa hivi." Naye anawaonyesha meno. Wakishaondoka, nyuma ya yale mawe mawili wanyama wanakunywa kwa zamu, bila hotuba, na mtoto mdogo wa Mama Pimbi siku hizi akinyimwa ziwa analia mpaka mji wa pili unasikia.

Fundisho la ngano hii, watoto wazuri, ni hili: waheshimuni wakubwa, na msinywe kabla mgeni rasmi hajafika. Mama Pimbi alikunywa kabla. Ndiyo maana hana mkia.

Nifunge?
Funga.
Nifunge maji?
Maji acha.
Basi nafunga mdomo. Aliye na kiu anajua njia.