Buli la Mzee Mwinchumu

Saumu alikuwa na digrii, hana kazi, na buli la Kiingereza alilorithi kwa bibi yake. Tajiri Mwinchumu, mkusanyaji wa vyombo vya chai vya kale, aliliazima akaligeuza lake. Saumu akamkuta akiwamiminia wageni.

"Shikamoo mzee. Nimefuata buli langu."

"Marahaba. Hili langu, original, nimelitoa London mwenyewe. Chuo hawakukufundisha adabu?"

"Sorry mzee, nimelifananisha. Letu tulikuwa tukioshea maiti. Kunyweni jamani, hilo la mzee ni safi."

Wageni wakaendelea kunywa. Mzee peke yake ndiye aliyetema, zulia likalowa.

"Mbona unatema," mgeni mmoja akauliza, "na chombo ni chako?"

Saumu akaondoka na buli. Nyumbani akapika chai ya tangawizi, akaitia humo humo, kama bibi yake alivyofanya siku zote.