Chungu Kilichoshuka Kibichi

Hapo kale, wajukuu zangu, kale ya kale, mlima wetu ulikuwa na njia moja tu ya kushukia bondeni, na hata hiyo ilikuwa ya mbuzi. Sogeeni. Wewe, acha kumfinya mwenzako.

Huko juu alikaa Nakundwa, mjane mfinyanzi. Udongo wake ulikuwa mzuri ajabu, lakini soko lilikuwa bondeni, na chumvi bondeni. Mwanawe wa pekee, Kirumbe, alimchumbia Naetwe, binti wa Mzee Mgonja wa huko chini. Desturi ilidai mama wa bwana harusi apeleke chungu kizima kwa wakwe. Hakuna chungu, hakuna harusi.

Nakundwa akafinyanga, akachoma, akajitwika, akashuka. Genge la kwanza akapita. La pili akapita. La tatu mguu ukateleza, pa, vigae. Akarudi. Akafinyanga, akachoma, akajitwika, akashuka. Pa, vigae. Mara ya tatu, jamani, hata genge la kwanza hakulipita.

Mzee Mgonja akatuma neno: "Watu wa mlimani wazembe. Simwozi binti yangu huko."

Nakundwa alilia, siwafichi. Alimwona Kirumbe anasogeza chakula kando, moyo ukamuuma. Asubuhi akachimba udongo mbichi, akaufunga kwa majani ya mgomba, akajitwika. Genge la tatu akaanguka tena, mzigo ukabiringika hadi chini. Udongo mbichi huvunjika, watoto? Hauvunjiki.

"Hodi, mkwe."

"Karibu. Chungu kiko wapi?"

"Ndicho hiki, hakijawa bado. Nipe kivuli na siku tisa."

Akafinyanga uani, watu wote wakiona. Naetwe akamtekea maji, akamkusanyia kuni, wakapendana kama mtu na mwanawe. Siku ya tisa chungu kikatoka motoni. Mzee akakigonga kwa kidole, kikalia vizuri. Kisha akayaona magoti ya mgeni wake, yamechubuka.

"Mama Kirumbe, njia yenu ikoje?"

"Njoo uione, mkwe wangu."

Wakapanda. Genge la tatu mzee aliketi, akashika nyasi kwa mikono miwili, kupanda hawezi, kushuka hawezi. Nakundwa akampa mkono.

"Nisamehe," mzee akasema. "Nililaumu mikono yenu, kumbe kosa ni la mlima."

Kiangazi kile wa bondeni wakapanda na majembe, wa juu wakashuka, wakachonga ngazi kwenye magenge yote matatu. Naetwe akazipanda akiwa bibi harusi, na chumvi kichwani. Ndizo mnazokanyaga mkienda shule.

Kitanda usichokilalia hujui kunguni wake. Ukimwona mtu hana, kwanza ipande njia yake.

Kisa changu nimekishusha kizima. Atakayekibeba asikiangushe.