Zimwi Aliyevunja Jiwe

Hapo zamani za kale, wanangu, wanyama wa Mwamba Mrefu walikuwa na nyumba, meko na vyungu kama sisi. Mwaka mmoja mvua ikagoma. Mto ukakauka kau! Bwana Nyati na Bwana Kifaru wakachimba kisima hadi wakafika kwenye jiwe. Wakaligonga kwa pembe, ko! ko! Jiwe kimya.

Ndipo akatokea zimwi wa kike, jina lake Chengo. Akasimama mbali kwa adabu.

"Hodi, wenyeji. Nitawavunjia jiwe, mnipe mahali pa kukaa."

"Likome!" Nyati akanguruma. "Zimwi ni zimwi. Babu yake alikula viumbe, baba yake alikula, nalo litakula!"

Wakamfukuza kwa mawe.

Pimbi, mdogo kuliko wote lakini mwepesi wa akili, akamfuata nyuma nyuma.

"Dada, niambie kweli. Umewahi kula mtoto wa mwenzio?"

Chengo akainama. "Niliwahi, nikiwa bado kwa mama. Sikupata usingizi siku saba. Tangu hapo ninachimba mizizi."

Pimbi akawaza sana. Kesho yake akawaendea wakubwa.

"Nina shemeji yangu, fundi wa mawe. Ila ana haya huyo! Tuzungushe ua wa mikeka. Jua likifika utosini, kila mtu abaki ndani, asichungulie."

Mwenye kiu haulizi mengi. Wakakubali.

Siku tatu wakasikia jiwe likilia, paa! paa! Siku ya nne maji yakabubujika. Siku hiyohiyo Tindo, ndama wa pekee wa Nyati, akatoroka nyumbani, akapenya uani. Chubwi! Kisimani!

Nyati aliposikia mayowe alikuja mbio. Akamkuta ndama wake nje ya ua, ameloa chapachapa, mzima.

"Shangazi amenitoa," Tindo akasema.

Nyati akalia. "Pimbi, mlete shemeji yako! Nampa shamba langu la bondeni. Naapa kwa uhai wa mwanangu!"

"Umeapa, Bwana Nyati?"

"Nimeapa!"

Pimbi akakunja mkeka. Akatoka Chengo.

Lo! Wengine wakakimbia. Nyati akainamisha pembe, akamgeukia Pimbi.

"Umenidanganya, we kijitu! Angeweza kummeza mwanangu!"

"Ningeweza," Chengo akajibu. "Nilipomshika, mate yalinijaa. Tumbo likaniambia, mle. Nikamtoa upesi, nikarudi majini mpaka tamaa ikapoa."

"Na kesho je?"

"Kesho tumbo litasema tena. Nami nitalikatalia tena."

Nyati akainua pembe zake. Hakumwamini, wanangu, si siku ile. Lakini alikuwa ameapa.

"Shamba ni lako. Ila mwanangu hatakanyaga huko mpaka aote pembe."

"Ni haki yako, baba," Chengo akasema, akaenda kulima.

Miaka ikapita. Hakuna mtoto aliyepotea Mwamba Mrefu. Na pembe za Tindo zilipotimia, Nyati mwenyewe ndiye aliyempeleka bondeni, akabisha hodi kwa sauti ya chini.

Kiumbe hapimwi kwa njaa aliyozaliwa nayo, bali kwa kile anachokataa kula.