Amekujibu Shemeji

Ukimuuliza mjane mbele ya shemeji, amekujibu shemeji. Methali hii mmeisikia leo kikaoni, mnataka kujua ilikotoka. Haina umri mkubwa. Ilitokana na ugomvi ofisini kwa Dokta Sekela, siku mjane mmoja alipoingia bila hodi.

"Wewe ndiye uliyesema sisi si watafiti?"

"Mama, keti kwanza."

"Nimeketi sana. Nijibu!"

Aliitwa Subilaga, mchuma chai. Yeye na wajane wenzake walikuwa wameandika utafiti juu ya wajane kunyang'anywa mashamba, wakautuma kwenye jarida la sosholojia. Jarida likampa Sekela, msomi wa fani hiyo, aupime. Akaukataa: hauna dodoso, hauna majedwali, na walioulizana ni marafiki watupu. Mwezi huohuo akapitisha utafiti wa mgeni mmoja kutoka mjini, wenye madodoso mia mbili na majedwali yaliyonyooka kama matuta. Huo ulisema wajane wanatunzwa vizuri.

"Juzi baraza la ardhi lilisomewa jarida lenu," Subilaga alisema. "Nikaitwa mwongo. Shamba amepewa shemeji yangu."

"Lakini mgeni aliwauliza ninyi wenyewe. Watu mia mbili, mama!"

"Alituulizia wapi?"

"Nyumbani kwenu. Uani."

"Na mgeni wa kwetu hupokewa na nani?"

Sekela alilijua jibu. Alizaliwa milima ileile ya kwao Subilaga. Mgeni hupokewa na mwanamume wa ukoo, naye akishampa kigoda huketi naye mpaka aondoke.

"Shemeji yangu alikaa pale anatabasamu," Subilaga alisema. "Ungekuwa wewe ungesemaje? Sisi tuliulizana katikati ya michai, mashemeji hawapo. Wewe ukasema hatuna mbinu."

Sekela alimkumbuka mama yake, uani, akimwambia mgeni wa kanisa, "Tunatunzwa vizuri," huku baba mdogo akimimina chai. Mwezi uliofuata yeye na mama yake walifukuzwa, wakalala kwa jirani. Hayo yote aliyajua, na bado alihesabu majedwali.

"Nikiandika kwamba nilikosea, shamba litarudi?" akauliza.

"Halirudi. Andika."

Akamwandikia mhariri palepale: nimepima vibaya, makala ya mgeni iondolewe, ya wajane isomwe upya na mtu mwingine. Sababu akaiweka katika mstari mmoja, akaituma barua huku Subilaga akiwa bado amesimama: ukimuuliza mjane mbele ya shemeji, amekujibu shemeji.