Kopo la Maharage Klabuni

Mhesabu maharage, hotuba humpita.

Mmemsikia Mama Sekela akimwambia mwenzenu Osia maneno hayo leo mkutanoni, mkacheka, kisha mkanifuata mnataka kujua yametoka wapi. Mmefanya vizuri kuja kwangu, maana wengine wangepunguza chumvi ili kunistahi. Methali hiyo ilizaliwa ndani ya chumba hikihiki, Jumamosi moja saa tisa alasiri, na mhesabu mwenyewe nilikuwa mimi.

Wakati ule klabu yetu ilikuwa na watu ishirini na mmoja. Tulikutana hapahapa Makambako, juu ya duka la pembejeo, kujifunza kusema mbele za watu. Walikuwepo walimu, wauza mbao, na mchungaji mmoja aliyehubiri mpaka waumini wakasinzia. Mimi niliishia darasa la sita na kazi yangu ni kushona makochi, lakini mdomo ninao. Kila mwaka klabu ilichagua mtu mmoja wa kwenda Mbeya kushindana na klabu nyingine, na miaka mitatu mfululizo nilikwenda mimi. Sokoni waliniita Msemaji. Nilikuwa na koti la kwendea Mbeya, ambalo halikuvaliwa mahali pengine popote, hata kanisani.

Kisha akaja Atuganile. Nasema akaja, lakini ukweli ni kwamba nilimleta mimi. Alikuwa na duka la vitambaa ninakonunua vya makochi. Siku za kwanza hakuweza kutaja jina lake bila kutazama sakafu. Nikamfundisha kusimama, kushusha pumzi, na kutafuta uso mmoja wa kirafiki nyuma ya chumba. Mwaka wa kwanza alipopigiwa makofi nilifurahi. Mwaka wa pili nikaanza kuyapima makofi yake na yangu. Mwaka wa tatu, akisema jambo zuri, nilikohoa ili lisisikike. Sifanyi mzaha, nilikohoa kweli. Mteja akiniambia, "Yule dada wa vitambaa anajua kusema," kochi lake nililisukuma mwisho wa foleni.

Desturi ya kopo mnaijua. Mtu anaposema, mhesabu hukaa mbele na kopo la bati na maharage mkononi. Msemaji akijaza nafasi kwa "yaani" au "aaa", harage moja linadondoshwa. Ko! Akimaliza, mhesabu huitwa asimame asome idadi.

Siku ya kumchagua mtu wa Mbeya tulibaki wawili, mimi na Atuganile. Mhesabu wetu alikuwa amekwenda mazishini Ludewa. Mwenyekiti, Mzee Tweve, akauliza nani atashika kopo. Nikaruka kabla hajafunga mdomo.

"Fundi," akasema Mama Sekela, "wewe si unashindana naye? Tangu lini mbuzi akalinda mchicha?"

"Maharage hayana upendeleo, Mama," nikamjibu.

Watu wakacheka, Mzee Tweve akaniachia. Nilisema mimi kwanza, Mama Sekela akishika kopo. Nilipata maharage mawili tu. Nikayamwaga, nikakaa mbele na kopo mapajani, nikamsubiri.

Sentensi yake ya kwanza ilikuwa na yaani mbili. Ko, ko. Nikafurahi. Nikainamisha kichwa, sikio nimelitega kama mtego wa panya, linasubiri neno moja tu. Maneno mengine yalinipita kama mabasi ya Songea yasiyosimama kituoni. Sauti yake ilikuwa inakatikakatika. Nikasema moyoni, leo amepatikana. Kumi na mbili. Kumi na tisa. Kwa pembe ya jicho nikaona watu wanatoa leso. Nikadhani ni vumbi la upepo wetu huu wa Makambako. Harage moja likaniponyoka, likabiringika sakafuni. Sikuliokota, nilichukua jingine ili nisipitwe na kosa.

Nilipofika ishirini na sita akanyamaza. Kisha akasema, "Fundi, naomba usimame."

Chumba kizima kikapiga makofi. Wengine walisimama kabisa. Makofi yale yalinichoma, wanangu. Tangu nizaliwe sikuwahi kuyasikia ya namna ile. Nikaona amemaliza na ananiita nisome hesabu. Nikasimama, na makofi yakazidi. Ikabidi nitikise kopo ili wanyamaze.

"Mwenyekiti," nikasema, "yaani ni kumi na nane. Aaa ni nane. Jumla ishirini na sita. Tangu klabu ianze hakuna aliyejaza kopo namna hii. Simchukii dada yetu, lakini tukimpeleka Mbeya atatuaibisha."

Watu wote wakanikodolea macho. Hata mchungaji aliamka.

"Fundi," Mzee Tweve akaniita taratibu. "Umesikia alichosema?"

"Nimesikia yote. Hesabu hii hapa."

"Sikuulizi hesabu. Amesema nini?"

Nikafungua mdomo. Mimi, Msemaji wa soko zima. Nikatafuta hata neno moja katika yote yaliyosemwa, nisilipate.

"Aaa..." nikasema.

Mama Sekela akainama, akaliokota lile harage la sakafuni, akalidondosha koponi. Ko!

"Ishirini na saba," akasema. "Mhesabu maharage, hotuba imempita."

Watu wakacheka kidogo, wakaacha wenyewe. Mzee Tweve ndiye aliyeniambia.

"Amesimulia msiba wa baba yake. Yeye ndiye mkubwa, alitakiwa kutoa shukrani pale kaburini, akashindwa. Ukaenda ukasimama kando yake, ukawa unamtajia neno kwa neno, naye analifuata mpaka mwisho. Amesema sauti aliyo nayo aliipata siku ile. Tena amejitoa, Fundi. Ameomba Mbeya uende wewe. Alikuita usimame tukupongeze."

Yale makofi yaliyokuwa yakinichoma yalikuwa yangu.

Hapo ndipo nikaukumbuka msiba ule. Nilikuwa nimeusahau kwa sababu tangu nianze kumwonea wivu sikutaka kukumbuka kwamba niliwahi kumpenda kama mdogo wangu. Nikamgeukia.

"Atuganile, mdogo wangu, rudia. Hata pale mwisho tu."

"Hapana, kaka," akasema. Hakuwa na hasira, na hilo ndilo lililoniuma. "Maneno yale nimeyatafuta mwezi mzima. Nimeshayatoa. Kama hukuyapata, yatafute humo koponi."

Klabu ikakataa kujitoa kwake, kura zikapigwa. Tulikuwa ishirini chumbani. Kura kumi na tisa zilikuwa zake. Mojawapo niliiandika mimi, si kwa wema, kwa aibu. Kura moja tu ilikuwa na jina langu, na Mzee Tweve alipoinua karatasi ile niliujua mwandiko. Ndio ulio kwenye risiti zangu za vitambaa.

Alikwenda Mbeya. Koti langu lilibaki kabatini mpaka nondo wakalila kola. Tunasalimiana, tunafanya biashara, na harusi ya mwanangu yeye ndiye aliyetoa neno la shukrani kwa niaba ya familia. Nilimwomba mimi mwenyewe, na siku hiyo nilikaa mikono mitupu. Lakini hotuba ile ya kopo sijaisikia mpaka leo. Nimewauliza waliokuwepo, kila mmoja ananipa kipande. Huyu anakumbuka alivyousema udongo wa kaburi, yule anakumbuka alivyoniita. Vipande havijakaa pamoja vikawa hotuba. Mama Sekela ndiye aliyenieleza jambo moja ambalo ningeligundua mwenyewe kama ningeinua kichwa: zile yaani zote, na zile aaa, zilikuwa mahali alipokuwa akimeza machozi. Nilikaa pale mbele, hatua mbili kutoka kwake, nikimdondoshea harage kila alipojizuia kulia.

Leo Osia amesimama akasoma makosa kumi na moja ya mwenzake, uso wake unang'aa. Uso ule naufahamu, nimewahi kuuvaa. Mama Sekela alipomuuliza hotuba ilihusu nini, mliona alivyotazama dari. Msimnyang'anye kopo, kopo halina kosa. Mwambieni alishike kwa mkono, masikio ayaache kwa anayesema, maana hajui ni lini atatajwa yeye.

Mhesabu maharage, hotuba humpita.