Barua Moja ya Saa Tatu

Hebu niambie, umewahi kufukuzwa kazi kwa kosa la kuimaliza? Nusura yamkute Nadzua. Alisota na degree yake mpaka akapata kibarua cha kutunza kompyuta za ofisi ya maji. Akaandika skripti moja, programu fupi ya maagizo, akaiweka kwenye folda ambayo mashine zote ziliisoma kupitia mtandao, zikawa zinajirekebisha zenyewe huku yeye akinywa chai.

Mkurugenzi, Bwana Maghanga, akamfumania na kikombe.

"Ala! Skripti inachapa kazi, wewe unakula mandazi? Kesho nafasi hii anaichukua shemeji yangu."

"Ni haki kabisa, boss. Mvivu aende," Nadzua akajibu. "Tena tuwasake wote. Nitaiagiza skripti ipitie orodha ya mashine zote za ofisi. Ambayo haijawashwa tangu mwaka uanze, mwenyewe anachapiwa barua ya kufutwa kazi, na sahihi yako chini."

"Bila rufaa?"

"Hata akilia, sir. Au kuna wa kuonewa huruma?"

"Hakuna! No mercy!" Maghanga akacheka, akampa sahihi yake ichapwe kwenye barua.

Kesho yake saa tatu asubuhi printa ikatema barua moja tu. Maghanga akainyakua mbele ya wafanyakazi wote.

"Anayekwenda nyumbani leo ni..." Jina lililochapwa lilikuwa lake mwenyewe.

Wote wakachungulia ofisini kwake. Kompyuta ilikuwa bado ndani ya nailoni ya dukani, imefunikwa kitambaa cha kufuma, na juu yake maua ya plastiki.

Nadzua alikuwa keshaiandikia bodi: "Kiti cha mkurugenzi kiko wazi. Kitangazeni leo hii, na shemeji apange foleni kama sisi wengine!"